Mzazi au Mlezi

Sauti yangu inajulikana Musoma nzima kwa maneno ambayo hakuna anayeyasikiliza. Mimi ndiye ninayesoma vigezo na masharti. Mtangazaji akishamaliza kelele zake za jishindie, usikubali kupitwa, huenda zamu ni yako, mimi naingia na kusoma kwa kasi yale yote ambayo sheria inataka yasomwe, kisha muziki unarudi na watu wanaendelea na shughuli zao. Watoto wa jirani zangu pale Nyasho wananiiga nikipita na kapu la sokoni, wanabwabwaja mpaka wanaishiwa pumzi. Nawafukuza, lakini sikatai kwamba wanaigiza vizuri.

Kusoma ni sehemu ndogo ya kazi yenyewe. Redio yetu ni ndogo, kila mtu ana kofia mbili tatu, na mojawapo ya kofia zangu ni kuhakikisha kwamba shindano lolote tunalorusha halitatufungia kituo. Kibali kipatikane kabla tangazo la kwanza halijatoka. Zawadi iwepo kweli, watu waione na kuigusa. Droo ichezeshwe hadharani mbele ya mkaguzi, na mshindi atangazwe hewani. Wenzangu ofisini wananiona mharibu sherehe. Meneja akija na wazo jipya hunitazama mimi kwanza, kama mtu anayepita karibu na mbwa wa jirani.

Safari hiyo wazo lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa mjini anayeuza nyavu na mashine za mitumbwi. Alitaka kutoa mashine moja mpya, ile ya kufunga nyuma ya mtumbwi. Msikilizaji anatuma ujumbe wa simu, namba yake inaingia kwenye droo, basi. Wa mjini wanaweza kuona ni promosheni kama promosheni nyingine. Kwa watu wa visiwani hiyo si zawadi ya mchezo. Mwenye mashine anawafuata samaki walipo na kurudi mapema, asiye nayo anapiga kasia na kufika mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, wakati wanunuzi wameshafunga mizigo.

Kwenye kikao cha kuandaa masharti tulikwama kwenye kipengele cha ndugu. Wafanyakazi wa redio na ndugu zao wa karibu hawaruhusiwi kushiriki, na hilo liko katika kila shindano. Mfadhili alicheka, akasema hapa Mara ukianza kutafuta ndugu utamaliza wilaya zote na bado utakuta wengine Kenya. Alikuwa na haki ya kucheka. Mimi mwenyewe siwezi kutoka Nyasho mpaka mwaloni bila kumwamkia shangazi ambaye nimeshasahau tunahusianaje. Kwa hiyo tukaandika waziwazi: mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Mimi nikasema tuongeze mlezi. Meneja akauliza wa nini tena, nikamwambia kwamba huku kwetu watu wengi wamekuzwa na mtu ambaye hakuwazaa, na mmoja wao alikuwa anaongea naye muda huo. Likaandikwa: mzazi au mlezi.

Mama aliyenizaa alifariki kabla sijaanza shule. Baada ya matanga mdogo wake akaachwa pale nyumbani, kama ilivyo kawaida kwetu, akae na watoto mpaka mambo yatulie. Mambo hayakutulia. Baba alikwenda machimboni, akapata nyumba nyingine huko, na yule binti aliyekuja kwa muda akabaki na sisi moja kwa moja. Waliokuja kumposa walimkuta na watoto si wake, wakarudi walikotoka. Alitukuza kwa dagaa, kwa kuwaanika, kuwageuza, kuwafunga kwenye magunia na kuwapeleka Bunda, na mpaka leo nikisikia harufu ya dagaa wanaokauka juani najisikia nimevaa sare ya shule. Sijawahi kumwita mama mdogo. Yeye ni mama.

Tulipokua yeye akahamia Rukuba, kisiwani, akaishi kambini pamoja na wavuvi. Kwa kujinyima mpaka kukauka alipata mtumbwi wake na mashine yake, akawa mwanamke anayeitwa tajiri, maana ndivyo wanavyomwita mwenye chombo, hata kama hana sufuria ya pili. Kisha wezi wa ziwani wakaja. Waliwakuta wavuvi wake majini, wakawalaza kifudifudi, wakafungua mashine na kuondoka nayo. Wakaacha mtumbwi. Sijui kama ilikuwa huruma au dharau.

Tangu hapo mtumbwi ulikaa mchangani na jua likaanza kuufungua mbao. Wavuvi walimwambia bila kumficha kwamba giza likiingia na mashine haipo, wao wanahamia kwa tajiri mwingine. Giza ni zile siku ambazo mwezi haupo na dagaa wanafuata taa, na ndizo siku mvuvi anazokula. Mama akikosa wavuvi, kilichobaki ni kuanika dagaa wa watu kwa kibarua, ameinama mchangani na mgongo wake ule. Niliomba mkopo kazini, nikaomba kwenye kikundi cha akina mama, nikamwendea kaka yangu ambaye naye alikuwa ameanza kuuza mabati ya nyumba yake. Kila mlango nilioupiga hodi ulikuwa na shida yake ndani. Na kila siku ya kazi nilikuwa napanda kwenye gari la promosheni, Musoma, Butiama, Bunda, nimekaa nyuma pamoja na ile mashine mpya iliyofungwa kamba, na gari likiruka shimo naishika isigonge. Niliichukia. Nilikuwa naishika kwa mikono miwili.

Kabla ya shindano kuanza niliwazungukia ndugu zangu wote wa Nyasho nikiwaonya wasitume ujumbe. Mama sikumpigia. Redio yake inaamka kabla yake na kuzimwa baada ya sala ya usiku, na hayo masharti alikuwa anayapata kutoka kinywani mwangu. Niliona kumwambia tena ni kumdharau.

Droo ilifanyika Bunda, uwanja mmoja wa Kabasa, mchana, spika zimeelekezwa barabarani na watu wametoka madukani kuja kutazama. Mkaguzi alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kompyuta, mwanaume mpole, anayesema samahani kabla ya kila swali. Namba ikatoka. Mtangazaji akapiga, simu ikaita kwenye spika, ikapokelewa, na sauti ikasema, haloo, nani mwenzangu?

Niliitambua kabla hajamaliza. Mtangazaji akamuuliza yuko wapi, akajibu Rukuba, na watu wakashangilia kisiwa. Kwa muda mfupi pale uwanjani hakuna aliyejua isipokuwa mimi, na nitasema wazi nilichokiomba: niliomba simu ikatike. Huku si mahali pa kutegemea mtandao, lakini siku hiyo ulikaa imara kama nguzo ya umeme.

Mtangazaji wetu si mtu mbaya. Ni kijana wa kwetu, na kwetu huwezi kumpongeza mtu bila kumtafutia kwao. Mama alikuwa akija mjini anatuletea sato ofisini, amekula ugali na huyo mtangazaji si mara moja. Aliposikia kile kicheko chake, naye akacheka, akasahau yuko hewani na akasahau kazi yake ni ipi.

"Kumbe ni mama yetu huyu! Mama yake dada yetu, yule wa vigezo na masharti!"

Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi, mwingine akasema si nilikwambia, na simu za studio kule Musoma zikaanza kuwaka. Wasikilizaji walisema mchezo umepangwa, walisema wamechoka kuchezewa akili, mmoja alisema hewani kwamba hata mkaguzi ni wa ukoo wetu. Mfadhili alikuja akasimama mbele ya mashine yake kama vile nitaibeba begani. Mama bado alikuwa kwenye simu, anasema asanteni, asanteni sana, Mungu awabariki, mpaka mtu akamkatia.

Mkaguzi aliniita pembeni ya gari. Aliuliza kama ni mama yangu. Nilimwambia ni mdogo wa marehemu mama. Akavuta masharti, akapitisha kidole, akasema mama mdogo hayumo kwenye orodha. Kidole kikarudi juu kidogo, kikasimama, na akaniuliza, samahani dada, je, alikulea? Nikasema atakuja mwenyewe kesho, ajieleze kwa kinywa chake. Akakubali. Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kunisaidia, na hiyo ilinitia uchungu zaidi kuliko makelele ya uwanjani.

Asubuhi nilikuwa mwaloni Musoma kabla boti haijafika. Alishuka amevaa kitenge cha kwaya, kitambaa kichwani kimekazwa vizuri, na kwenye ndoo amebeba sato wa ofisini. Nilipomwona na ile ndoo nilitamani kukaa chini nilie. Nilimwamkia, nikamvuta nyuma ya magunia, nikamweleza haraka haraka, ile kasi yangu ya kazini: kwamba mlezi haruhusiwi, kwamba wakimuuliza aseme nililelewa na bibi, kwamba bibi hayupo duniani wala hataudhika, kwamba akisema hivyo mashine ni yake leo hii.

Alinisikiliza akiangalia maji. Nilimuuliza, kwa hasira maana nilikuwa nayo, ilikuwaje akatuma ujumbe wakati mimi nilikuwa nasoma kila siku kwamba hairuhusiwi, mchana na jioni, kwa sauti yangu.

"Nilikuwaga nakusikia, mama," akasema. Ananiita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Ukianza tu nawaambia wale wa kambini wanyamaze, mtoto wangu anaongea. Lakini mimi maneno sisikilizagi. Nasikilizaga sauti, nijue kama umeamka mzima."

Nikachukua ile ndoo, tukapanda kwenda ofisini.

Ofisini tulikaa meneja, mkaguzi, mama na mimi. Mkaguzi alimsalimia kwa heshima, shikamoo mama, akamwomba radhi kwa usumbufu, akamuuliza mimi ni nani kwake. Mama akajibu kwamba ni mtoto wa marehemu dada yake. Akaulizwa nililelewa na nani. Alikuwa amepakata mikono, na niliona kidole gumba kimoja kinakisugua kingine.

"Alilelewa na bibi yake," akasema.

Alilisema vizuri, bila kutetereka. Mimi ndiye niliyemfundisha kulisema, na lilipopita masikioni mwangu nilihisi kama nimepigwa. Meneja akashusha pumzi. Mkaguzi akaniangalia, nikatazama sakafu, naye akasema basi, suala limeisha, mama apewe mashine yake. Nilianza kuona ule mtumbwi ukirudi majini. Niliona mpaka kopo la kutolea maji ndani yake.

Kisha mkaguzi akasema samahani, kimebaki kimoja. Malalamiko yametolewa hewani, kwa hiyo ufafanuzi nao utolewe hewani, na mshindi mwenyewe, kabla ya kukabidhiwa. Hakuwa anatunga. Lilikuwa sharti mojawapo, na mimi nililisoma kila siku.

Mama akauliza, "Hewani ndiyo redioni?"

Nilimwambia ndiyo, maneno yaleyale mama, ni dakika moja tu, yaleyale uliyosema hapa. Alinyanyuka. Wakamkalisha studio, wakamvalisha vile vya masikioni juu ya kitambaa, akaonekana mdogo. Mimi nilibaki upande huu wa kioo. Mtangazaji, ambaye tangu jana hakuweza kunitazama usoni, aliwasalimu wasikilizaji, akaeleza kwamba kumetokea utata, na kwamba mshindi yupo hapa kuuondoa. Akamuuliza mama ana uhusiano gani na mfanyakazi wa redio hii.

Mama aliinama kwenye maiki, akamuuliza yeye swali.

"Saa hizi Rukuba wananisikia?"

Mtangazaji akamwambia wanasikia, Rukuba, Bunda, Butiama, kote. Akauliza na wa kanisani je. Akaambiwa nao pia. Akageuka akanitafuta kwenye kioo, akanipata. Nilitikisa kichwa. Nilikuwa namwomba, kwa macho, kwa mikono, nafikiri nilikuwa naongea kabisa ingawa kioo hakipitishi sauti.

"Basi jamani," akasema, "huyu anayewasomeaga masharti ni mtoto wangu. Nimemlea mimi. Kule ofisini nimesema ni bibi yake, nilisema kwa sababu ya shida. Lakini hapa siwezi, maana mnanijua."

Nilipiga kioo kwa kiganja. Si kwa furaha. Nilitaka kuingia nimtoe pale kwenye kiti, nimwambie tajiri gani wewe, utakula heshima ya kanisani giza likiingia? Fundi mitambo alinishika bega. Mtangazaji alikuwa ameduwaa, na kwa muda redio yetu haikusema kitu, jambo ambalo nalo haliruhusiwi. Kisha mtu akaweka muziki.

Alipotoka nilikuwa nalia kwa hasira na sikumficha. Nilimwambia amejimaliza. Akasema anajua. Akasema nisimkasirikie, ofisini tulikuwa watu wa kuhesabika na wote tulikuwa tunajua ukweli, lakini kule kambini wapo wamama ambao redio ikifunguliwa wanamwambia, haya, mtoto wako huyo, na yeye angerudi vipi kukaa nao. Halafu akauliza kama kuna mtu amewapaa wale sato, maana joto hili litawaharibu. Meneja, mtu asiyeogopa kitu isipokuwa barua ya mamlaka, alikwenda mwenyewe kutafuta kisu.

Mkaguzi hakumwadhibu kwa ule uongo wa kwanza. Alisema samahani mama, na nilisikia kwamba safari hii analimaanisha neno hilo. Kanuni zikafuata mkondo wake. Mama akaondolewa, akaitwa mshindi wa akiba, na mshindi wa akiba alikuwa mkulima wa mihogo wa Butiama, mbali na maji, ambaye swali lake la kwanza kwenye simu lilikuwa kama tunaweza kumbadilishia hiyo mashine kwa ng'ombe. Nilimjibu kwamba kwa mujibu wa masharti zawadi haibadilishwi. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilitaka kutupa simu ukutani.

Mama alirudi na boti ya mchana. Nilimsindikiza mwaloni. Nilimpa sukari, sabuni, na nauli ya boti ambayo aliikataa kisha akaichukua. Boti ilipojaa alikaa juu ya gunia, ndoo tupu mapajani, akatazama mbele.

Jioni ile ilikuwa zamu yangu kusoma tangazo la kumwondoa mshindi. Lilikuwa limeandikwa kwa lugha ya kazi, na nililiandika mwenyewe: kwamba aliyetangazwa mshindi huko Kabasa ameondolewa kwa kuwa imethibitika ni mlezi wa mfanyakazi wa kituo hiki. Nilikaa mbele ya maiki nikakuta siwezi kwenda kasi. Nilisoma neno kwa neno kama mtoto wa darasa la kwanza. Fundi mitambo alinionyesha saa, nikampuuza. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilipitiliza muda, na hakuna aliyenisema.

Giza liliingia. Siku chache baadaye mama alinipigia asubuhi, kabla sijatoka Nyasho. Alisema wavuvi wake wamehamia kwa tajiri mwingine, hawakugombana, wamemwachia hata taa. Alisema mtumbwi ameugeuza chini juu kuukinga na jua. Alikuwa anaongea huku anafanya kazi, nilisikia dagaa wakimwagwa mchangani, na nilijua si wake. Nikamuuliza mgongo unaendeleaje. Akasema mgongo upo.

Kisha nikasikia anaweka beseni chini.

"Siku ile nimerudi," akasema, "uliposoma jioni. Siku hiyo nilisikiliza mpaka maneno."

Nilisema ndiyo mama. Aliniambia niende kazini nisichelewe, nikaenda, na saa nne kasoro nilitakiwa kusoma vigezo na masharti ya promosheni ya magodoro.